KUFUNGA KITUFE KWA SHARTI
Mbofyo, ukurasa wa wavuti na fedha za mvuvi wa Kojani

Kojani ni kisiwa kidogo kilichoko mashariki ya Pemba, katika Wilaya ya Wete, nacho hutengwa na kisiwa kikubwa kwa mkondo mwembamba wa bahari. Wakaazi wake wamejulikana kwa muda mrefu katika pwani ya Afrika Mashariki kwa uvuvi, na hasa kwa desturi yao ya kwenda dago, yaani kuhama kwa majuma au miezi, kupiga kambi katika pwani za mbali na kuvua huko mpaka msimu umalizike. Zamani mvuvi aliyekuwa dago alipotaka kuwapelekea watu wake fedha, hakuwa na budi kumkabidhi mwenziwe aliyekuwa akirejea, au kungoja mpaka arejee mwenyewe. Hali hiyo ilianza kubadilika huduma za kutuma fedha kwa simu ya mkononi zilipoanzishwa: nchini Kenya mwezi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, na nchini Tanzania mwaka 2008. Siku hizi fedha huvuka bahari kwa kubonyeza kitufe kimoja juu ya kioo cha simu.

Na ichukuliwe mfano wa mvuvi mmoja wa Kojani aliyeko dago katika pwani ya Tanga. Ameufungua ukurasa wa wavuti wa huduma ya malipo, ameandika shilingi 50,000 pamoja na namba ya simu ya mkewe, kisha amebonyeza kitufe kilichoandikwa "Tuma". Mawasiliano ni dhaifu. Sekunde tano zinapita, na kumi. Ukurasa umetulia kama ulivyokuwa. Mvuvi anadhani kidole chake hakikugusa vizuri, naye anabonyeza mara ya pili. Je, fedha zimekwenda mara moja, mara mbili, au hazikwenda kabisa? Shilingi 50,000 zilizotumwa pasipo kukusudiwa zaweza kuwa ni chakula cha kambini cha siku nyingi.

Jibu la swali hilo hutegemea namna ukurasa ule ulivyotungwa. Mtunzi wa ukurasa anaweza kukifunga kitufe kwa sharti fulani, yaani kukifanya kisipokee mbofyo maadamu sharti hilo lipo, na kukifungua tena sharti linapoondoka. Kazi hiyo yaonekana kuwa nyepesi, lakini ndani yake mna jambo ambalo kila mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta yampasa alifahamu mapema: kufuli linalotiwa kwenye ukurasa ni msaada kwa mtumiaji mwenye nia njema, wala silo linalolinda fedha. Ulinzi wenyewe hukaa mahali pengine.

Mbofyo ni kitu gani

Ukurasa wa wavuti ni maandishi yanayotoka katika kompyuta ya mbali iitwayo seva. Maandishi hayo hupokelewa na programu iitwayo kivinjari, nayo huyageuza kuwa mafundisho, picha, sehemu za kujazia na vitufe. Kila kimoja katika vitu hivyo huitwa kipengee. Vipengee hukaa kimoja ndani ya kingine kama familia: kitufe kimo ndani ya fomu, fomu imo ndani ya mwili wa ukurasa, na mwili umo ndani ya waraka mzima.

Mtumiaji anapogusa kioo kwa kidole, au anapobonyeza kipanya, kivinjari hutambua ni kipengee kipi kilichoguswa, kisha huunda taarifa fupi yenye kueleza jambo lililotokea na mahali lilipotokea. Taarifa hiyo huitwa tukio, na tukio la namna hii huitwa mbofyo. Ni muhimu kukumbuka kwamba mbofyo hauzaliwi kwa kidole peke yake. Mtu anayetumia kibodi aweza kukifikia kitufe kwa kubonyeza Tab na kukibonyeza kwa Enter, na kivinjari kitaunda mbofyo vile vile. Jambo hili litarudi mbele kidogo.

Tukio peke yake halifanyi kazi yoyote ya malipo. Yapasa awepo msikilizaji, yaani sehemu ya programu iliyoagizwa kungoja tukio la namna fulani na kutenda jambo linapotokea. Katika kurasa za wavuti wasikilizaji huandikwa kwa lugha ya JavaScript. Lugha hii ilitungwa mwezi Mei 1995 na Brendan Eich, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Netscape huko Marekani, na umbo lake la kwanza lilikamilika kwa muda wa siku 10 tu. Kanuni zake za pamoja zilitangazwa mwezi Juni 1997 kwa jina la ECMA-262.

Safari ya tukio

Mwaka 1997 vivinjari viwili vilishindana na kila kimoja kilikuwa na rai yake. Katika kivinjari cha Netscape tukio lilisikilizwa likishuka kutoka waraka mzima kuelekea kipengee kilichoguswa. Katika kile cha Microsoft lilisikilizwa likipanda kutoka kipengee kuelekea waraka. Mwezi Novemba 2000 shirika la W3C, linaloratibu kanuni za wavuti, lilitoa kanuni iliyoziunganisha rai hizo mbili. Tangu hapo safari ya mbofyo ina hatua tatu: hushuka kupitia kwa wazazi, hufika kwenye kipengee chenyewe, kisha hupanda tena kupitia kwa wazazi wale wale. Aliyewahi kumtazama mzamiaji wa pweza hatapata taabu kuielewa safari hiyo. Mzamiaji hushuka, hulifikia jiwe, kisha huibuka kwa njia ile ile.

Faida ya mpango huu ni kwamba msikilizaji aliyewekwa kwa mzazi aweza kulizuia tukio kabla halijamfikia mwana. Kanuni hiyo pia ilileta amri mbili ambazo wanafunzi huzichanganya mara kwa mara. Amri ya kwanza, stopPropagation, husimamisha safari ili tukio lisiendelee kwa wasikilizaji wa vipengee vilivyobaki njiani. Amri ya pili, preventDefault, haisimamishi safari. Hukizuia kivinjari kufanya lile ambalo kingelifanya kwa desturi, kama vile kufuata kiungo au kupeleka fomu. Mwenye kutaka kiungo kisifunguke, naye akatumia amri ya kwanza peke yake, atashangaa kuona kiungo kinafunguka.

Kwa nini kitufe kifungwe

Masharti ya kukifunga kitufe yaweza kugawanywa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni upungufu wa taarifa: kiasi hakijaandikwa, au kimeandikwa sifuri, au kimezidi salio. Fungu la pili ni haki na wakati: mtumiaji hakuruhusiwa kufanya jambo hilo, au siku ya mwisho ya kupokea maombi imepita. Fungu la tatu ni kazi iliyokwisha kuanza: malipo yamo njiani na jibu halijarudi. Tatizo la mvuvi wa dago limo katika fungu hili la tatu.

Chanzo cha tatizo hilo ni muda. Kabla ya mwezi Julai 2009, ulipofika waya wa baharini wa SEACOM, sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti ya Afrika Mashariki ilipita kwenye setilaiti zilizoko juu ya dunia kwa kiasi cha kilomita 36,000. Ishara ilipanda na kushuka, jumla ya kilomita 72,000. Kwa kuwa mwendo wa ishara hiyo ni kilomita 300,000 kwa sekunde, safari ya ombi ilichukua sekunde 0.24, na safari ya jibu sekunde nyingine 0.24, hivyo mtumiaji alingoja karibu nusu sekunde hata kama seva ilijibu papo hapo. Katika nyuzi za kioo zilizomo ndani ya waya wa baharini, mwanga huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na seva iliyoko umbali wa kilomita 10,000 hufikiwa kwa sekunde 0.05. Hata hivyo, waya mzuri wa baharini hauondoi udhaifu wa mawasiliano kati ya simu na mnara. Ombi likipotea njiani hutumwa upya, na kungoja huongezeka. Kidole cha mwanadamu, kwa upande mwingine, chaweza kubonyeza mara mbili ndani ya nusu sekunde. Kwa hiyo kidole mara nyingi kitaitangulia seva.

Njia za kufunga

Katika vijiji kadhaa vya pwani ya Afrika Mashariki, pamoja na Kisiwa Panza kilichoko kusini mwa Pemba, wanakijiji wamepata kukubaliana kuufunga mwamba kwa miezi michache ili pweza wakue, kisha kuufungua siku iliyotangazwa. Mpango huo huhitaji mambo matatu: tangazo, ili watu wajue kwamba mwamba umefungwa, ulinzi, ili asiyetii azuiwe, na siku ya kufungua. Tangazo pasipo ulinzi huwazuia waaminifu peke yao. Ulinzi wa njia moja humwachia nafasi ajaye kwa njia nyingine. Mizani hiyo hiyo yafaa kuzipimia njia ambazo mtunzi wa ukurasa anazo.

Njia ya kwanza ni sifa iitwayo disabled. Kitufe, sehemu ya kujazia au fungu zima la sehemu za fomu likipewa sifa hii, kivinjari chenyewe hulinda: mbofyo wa mtumiaji hauwafikii wasikilizaji wa kitufe hicho, Tab hukiruka, na rangi yake hufifia. Hapa tangazo na ulinzi vimekuja pamoja. Lakini sifa hii ni ya vipengee vya fomu tu. Ikiandikwa kwenye kiungo au kwenye kisanduku cha kawaida haina nguvu yoyote.

Njia ya pili hutumia kanuni za sura ya ukurasa, kwa agizo liitwalo pointer-events likipewa thamani ya none. Kipengee chenye agizo hilo hakiguswi na kidole wala kipanya. Mguso hupita na kukiangukia kilicho nyuma yake. Watunzi wengi hudhani kwamba kazi imekwisha. La hasha! Mwenye kutumia kibodi bado aweza kukifikia kiungo kwa Tab na kukifungua kwa Enter. Huyu ni mlinzi aliyesimama kwenye njia ya mguu, ilhali ngalawa zinatia nanga upande wa pili wa mwamba.

Njia ya tatu ni kumfundisha msikilizaji mwenyewe. Anapopokea mbofyo, kwanza hulitazama sharti. Likiwa halijatimia huita preventDefault, kisha huacha. Njia hii hufaa kwa kipengee cha aina yoyote, na huzuia mbofyo wa kidole na wa kibodi sawasawa. Upungufu wake ni kwamba haina tangazo: kitufe huonekana kizima, kumbe hakifanyi kitu. Kwa hiyo yapasa iandamane na maelezo.

Njia ya nne ni kumwondoa msikilizaji kwa amri ya removeEventListener. Amri hii humtambua msikilizaji yule yule aliyewekwa mwanzo. Programu ikiandika msikilizaji mpya mwenye maneno yale yale, hakuna atakayeondolewa. Na mtunzi lazima akumbuke kumrudisha sharti linapobadilika. Kwa sababu hizo, kumwacha msikilizaji mahali pake na kumfundisha kulitazama sharti huwa ni salama zaidi.

Iko pia sifa iitwayo inert, inayofunga sehemu nzima ya ukurasa kwa kidole, kipanya na kibodi kwa pamoja, nayo imekuwa ikifahamika kwa vivinjari vyote vikubwa tangu mwaka 2023. Hufaa pale dirisha dogo la kuthibitisha malipo linapofunguliwa, na kila kilicho nyuma yake kikatakiwa kunyamaza.

Mfano wa programu

Programu ifuatayo hukifunga kitufe kwa masharti mawili: kiasi kisicho sahihi, na malipo yaliyomo njiani. Majina sehemu, kitufe, salio na tumaMalipo yamekwisha kuelezwa mahali pengine katika ukurasa.

let inatumwa = false;

function pangaKitufe() {
  const kiasi = Number(sehemu.value);
  const sahihi = kiasi > 0 && kiasi <= salio;
  kitufe.disabled = inatumwa || !sahihi;
}

sehemu.addEventListener("input", pangaKitufe);

kitufe.addEventListener("click", async function () {
  inatumwa = true;
  pangaKitufe();
  try {
    await tumaMalipo();
  } finally {
    inatumwa = false;
    pangaKitufe();
  }
});

pangaKitufe();

Mambo manne yafaa kuangaliwa. Kwanza, kitufe hufungwa na kufunguliwa mahali pamoja tu, ndani ya pangaKitufe. Lau kila msikilizaji angekifunga na kukifungua kwa njia yake, mtumiaji aliyebadilisha kiasi wakati malipo yamo njiani angekifungua kitufe kabla ya wakati. Pili, kitufe hufungwa kabla ya ombi kuondoka. JavaScript katika ukurasa hutenda jambo moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo mbofyo wa pili hauwezi kujipenyeza kati ya mbofyo wa kwanza na amri ya kufunga. Tatu, neno finally huhakikisha kwamba kitufe hakisahauliwi kikiwa kimefungwa, hata malipo yakishindikana. Mwamba usiokuwa na siku ya kufunguliwa si mwamba uliohifadhiwa. Ni mwamba uliopotea. Nne, amri ya mwisho huita pangaKitufe mara moja ukurasa unapofunguka, maana kiasi bado hakijaandikwa na kitufe chapaswa kuanza kikiwa kimefungwa.

Mwanafunzi wa hisabati atatambua kwamba mstari wenye alama || ni sentensi ya mantiki. Masharti mawili hutoa hali nne:

Inatumwa: hapana. Kiasi sahihi: ndiyo. Kitufe ki wazi.
Inatumwa: hapana. Kiasi sahihi: hapana. Kitufe kimefungwa.
Inatumwa: ndiyo. Kiasi sahihi: ndiyo. Kitufe kimefungwa.
Inatumwa: ndiyo. Kiasi sahihi: hapana. Kitufe kimefungwa.

Kati ya hali nne, ni moja tu inayoruhusu fedha kuondoka.

Kufuli lililo upande wa pili

Hata hivyo, mvuvi wa dago bado hajawa salama. Na ichukuliwe kwamba kitufe kimefungwa barabara, sekunde 30 zimepita, jibu halikurudi, na ukurasa umekata tamaa na kukifungua tena. Nini kimetokea? Yawezekana ombi lilipotea kabla ya kufika, na fedha hazikwenda. Yawezekana lilifika na malipo yakafanyika, ila jibu likapotea likirudi. Yawezekana pia lingali njiani. Kwa ukurasa hali hizo tatu zafanana kabisa: zote ni kimya. Hakuna werevu wa JavaScript utakaozitenganisha, kwa kuwa habari inayohitajika haimo ndani ya simu. Mvuvi akibonyeza tena katika hali ya kwanza atakuwa amefanya vyema. Akibonyeza katika hali ya pili atakuwa amelipa maradufu.

Fauka ya hayo, ukurasa wa wavuti, ukishafika katika simu au kompyuta ya mtu, umo mikononi mwake. Vivinjari vingi vya kompyuta vina vyombo vya kuukagua ukurasa, na mwenye ujuzi kidogo aweza kuifuta sifa ya disabled kwa muda wa sekunde chache, au kuiandikia seva ombi lake mwenyewe pasipo kupitia kwenye kitufe. Kadhalika, ukurasa ukizitegemea saa na tarehe za simu kujua kama muda wa maombi umepita, mtu aweza kuirudisha nyuma saa ya simu yake.

Kwa sababu hiyo sharti lazima likaguliwe tena na seva. Seva ndiyo inayolijua salio la kweli, haki za mtumiaji na saa ya kweli. Na kuhusu ombi lililorudiwa, dawa yake ni namba. Fomu inapofunguliwa hupewa namba isiyofanana na nyingine, na kila ombi linalotoka katika fomu hiyo hubeba namba ile ile. Seva huziweka namba ilizokwisha kuzishughulikia. Likija ombi lenye namba inayojulikana, seva hailipi tena, bali hurudisha jibu lile lile la kwanza. Hapo mvuvi aweza kubonyeza mara moja au mara kumi. Mkewe atapokea shilingi 50,000 tu. Namba hiyo lazima itolewe fomu inapofunguliwa, wala si kitufe kinapobonyezwa, kwa maana kila mbofyo ukipata namba mpya, seva itadhani kila ombi ni jambo jipya. Wazo la namba si geni kwa wananchi: katika mfumo wa malipo ya Serikali ya Tanzania, ujulikanao kwa kifupi kama GePG, kila ankara hupewa namba yake, ambayo watu wengi huiita kontroo namba, na malipo hutambuliwa kwa namba hiyo.

Somo hili lilikwisha kufundishwa na reli zaidi ya karne moja kabla ya kurasa za wavuti. Tarehe 10 Septemba 1874, huko Thorpe karibu na mji wa Norwich, Uingereza, magarimoshi mawili yalikutana uso kwa uso katika njia moja ya reli, na watu zaidi ya 20 walikufa. Kanuni ya kuzuia jambo hilo ilikuwapo, lakini ilitegemea watu kungojana: ujumbe wa telegrafu wa kuliruhusu garimoshi moja ulipelekwa kabla haujatiwa saini, na garimoshi jingine nalo likaachwa liondoke. Mwaka 1878 Edward Tyer alipata hataza ya mashine mbili zilizounganishwa kwa umeme, moja katika kila stesheni. Dereva hakuruhusiwa kuingia katika njia pasipo kibao kilichotoka katika mashine, na kibao kimoja kikishatolewa, hakuna mashine kati ya zile mbili iliyokubali kutoa kingine mpaka kile cha kwanza kirudishwe. Kufuli halikuwa tena tangazo la upande mmoja. Lilikuwa ni mapatano ya pande zote mbili.

Kumwarifu mtumiaji

Isidhaniwe kwamba, kwa kuwa seva ndiyo mlinzi, kufuli la kwenye ukurasa halina maana. Lina maana kubwa, maana ndilo linalozungumza na mtu. Kitufe kilichofifia pasipo maelezo humwacha mtumiaji gizani, hajui kama kosa ni lake, ni la simu au ni la mtandao. Maneno machache yaliyoandikwa kando ya kitufe, kama "Kiasi kimezidi salio lako" au "Malipo yanatumwa, tafadhali ngoja", humwondolea hamu ya kubonyeza ovyo.

Wasioona hutumia programu inayowasomea ukurasa kwa sauti. Kwao rangi iliyofifia si tangazo. Iko sifa iitwayo aria-disabled ambayo huiarifu programu hiyo kwamba kitufe kimefungwa, huku kitufe kikiendelea kufikiwa kwa Tab, ili mtumiaji akikute na kusikia sababu ya kufungwa kwake. Lakini sifa hii hutangaza tu, haizuii. Mtunzi akiitumia, hana budi kumfundisha msikilizaji kulitazama sharti kama ilivyoelezwa katika njia ya tatu.

Jaribio la darasani

Skuli isiyokuwa na kompyuta za kutosha yaweza kulifundisha somo hili kwa wanafunzi watano na vipande vya karatasi. Mwanafunzi wa kwanza awe mtumiaji, wa pili awe ukurasa, wa tatu awe mtandao, wa nne awe seva, na wa tano awe mpokeaji. Mtumiaji humpa ukurasa karatasi iliyoandikwa "50,000"; ukurasa huipa mtandao; mtandao huifikisha kwa seva; na seva humpa mpokeaji kokoto moja, kisha hurudisha jibu kwa njia ile ile.

Katika duru ya kwanza, mtandao utembee polepole na mtumiaji abonyeze mara tatu. Darasa lihesabu kokoto. Katika duru ya pili, ukurasa ukatae karatasi mpya mpaka jibu lirudi. Katika duru ya tatu, mwalimu aunong'oneze mtandao utupe jibu moja njiani, na ukurasa ufunguke baada ya kuhesabu hadi 20. Wanafunzi wataona kwamba kokoto zimezidi tena ingawa ukurasa ulitimiza wajibu wake. Katika duru ya nne, kila karatasi iandikwe namba ya fomu, na seva iwe na daftari la namba. Sasa mtandao na utupe majibu upendavyo, kokoto hazitazidi.

Kisha mwalimu aulize: duru ya nne ikirudiwa bila ya ukurasa kukataa karatasi, je, kokoto zitazidi? Hazitazidi. Basi kuna haja gani ya kukifunga kitufe? Wanafunzi waachiwe wajadiliane. Huenda watagundua wenyewe kwamba mtandao umechoka kubeba karatasi zisizo na kazi, na kwamba mtumiaji, kwa kukosa kuambiwa neno, amekaa na wasiwasi mpaka mwisho wa mchezo.

Hiyo ndiyo mizani ya kazi nzima. Kufuli la seva hulinda fedha. Kufuli la ukurasa hulinda subira ya mtu. Mvuvi aliye dago, mbali na Kojani, anavihitaji vyote viwili: aambiwe kwamba fedha zimo njiani, na awe na hakika kwamba, hata kidole kikiteleza na mtandao ukikatika, zitafika mara moja tu.